Mustang ya Kale na Mafundi wa Madogo

Mazungumzo yetu ya jioni ya leo yahusu jambo ambalo yamkini baadhi yenu mtaliona la kitajiri mno kwa mji wetu wa Madogo, mji ambao abiria atokaye Thika na Mwingi huupita kwa haraka ili avuke daraja la Mto Tana aingie Garissa: nakusudia kuzungumza juu ya matunzo na matengenezo ya magari ya kale ya Kimarekani ya mwendo wa kasi, khususan Ford Mustang na Chevrolet Corvette. Sidai kwamba liko moja kati ya hayo lililolazwa hapa kwetu chini ya turubali. Ninalodai ni kwamba lau lingeletwa leo na kuteremshwa kwenye gereji zetu za kando ya barabara kuu, chini ya kivuli cha miarobaini, mafundi wetu wangelijua zaidi kuliko wanavyojidhania, na kwa hakika zaidi kuliko wanavyolijua gari jipya linaloongozwa na kompyuta, ambalo likishazima hapana budi aitwe mtu mwenye mashine ya kulisoma maradhi yake. Kitakachowapungukia si elimu. Ni nia ya namna nyingine, nami nitaieleza mahali pake.

Tuanzie kwenye tarehe, kwa kuwa tarehe hupunguza ubishi wa barazani. Mwaka 1953 ndio mwaka ambao kampuni ya General Motors, kwa jina la Chevrolet, ilitoa Corvette ya kwanza, gari 300 tu kwa mwaka ule wote, na bodi lake halikuwa bati bali faiba. Na mwaka huohuo, huku kwetu, yakaanzishwa mashindano ya magari ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Miaka kumi na mmoja ikapita kabla ya Wamarekani kuja kuijaribu njia yetu kwa kishindo. Pasaka ya mwaka 1964, idara ya Lincoln-Mercury ya kampuni ya Ford ilileta Comet sita zenye injini za silinda nane, zilizotayarishwa na Bill Stroppe wa California, mtu aliyekuwa na sifa kubwa katika kazi hiyo. Na katika hizo sita, mbili tu ndizo zilizofika mwisho. Ushindi ukachukuliwa na Peter Hughes na Billy Young kwa Ford Cortina GT, gari dogo la Kiingereza ambalo, likiwekwa kando ya Comet, lingedhaniwa ni la mtoto wa mwenye Comet. Hata mwezi haukutimia, tarehe 17 Aprili mwaka huohuo, Ford wakaionyesha Mustang kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya dunia ya New York, na Mustang hiyo ilijengwa juu ya msingi uleule wa gari liitwalo Falcon ambalo ndilo lililoizaa Comet. Kwa hiyo zile nne zilizokatikia njiani zilikuwa za ukoo mmoja na Mustang.

Sasa ruka mpaka mwaka 2009. Mwaka huo, katika mashindano ya Safari Classic, ambayo hukimbiza magari ya zamani pekee katika njia za Afrika Mashariki, mshindi alikuwa Mkenya Ian Duncan, yuleyule aliyeishinda Safari yenyewe mwaka 1994 kwa Toyota Celica. Naye safari hii alishinda kwa Ford Mustang, Amaar Slatch akiwa kando yake na daftari la njia. Chuma kilikuwa cha ukoo uleule ulioaibika mwaka 1964. Kwa maoni yangu kilichobadilika ni mkono: gari lilikuwa mikononi mwa watu wanaojua shimo la Afrika Mashariki lina kina gani, na vumbi lake hupenya wapi. Wenye kukumbuka watanikumbusha habari ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, mtoto wa gereji na yeye mwenyewe fundi, aliyeshinda Safari ya mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwishatumiwa na timu ya kiwandani na kuachwa. Kiwanda kilimaliza kazi yake, ndipo fundi akaanza ya kwake.

Basi na tufunue boneti. Jambo la kwanza litakalomshangaza fundi wa Madogo ni nafasi iliyomo. Ataona ardhi chini ya injini, jambo ambalo katika gari la siku hizi ni nadra. Injini ya Mustang ya miaka ile, kama si ya silinda sita zilizopangwa msitari mmoja, ni ya silinda nane zilizogawanywa nne kulia na nne kushoto, kemshafti moja ikiwa katikati, ikiinua valvu kwa fimbo ndefu za chuma, na juu yake kumekaa kabureta moja iliyo wazi ambayo mtu aweza kuifungua kwa bisibisi na kuisafisha kwa petroli na mswaki. Hapana hapo siri. Mzee yeyote aliyepata kufungua Bedford za petroli aijua habari ya fimbo na valvu kuliko anavyoijua njia ya kwake. Na liko jambo la ajabu zaidi: ile injini ya silinda nane iliyomo katika Range Rover tangu mwaka 1970, na katika Land Rover ndefu zilizotolewa baadaye, haikubuniwa na Waingereza, bali Rover waliinunua kwa Buick wa Marekani, waliokuwa wakiitumia mwanzoni mwa miaka ya sitini kisha wakaiacha. Ina maana kwamba fundi aliyewahi kuifungua Range Rover alikwishafungua injini ya Kimarekani, naye akaifunga ikawaka, bila ya mtu kumpa hongera.

Ukienda nyuma ya gari mambo yazidi kuwa mepesi. Mustang ina ekseli moja nzima iliyoshikwa na springi za majani, sawasawa na pikapu; na springi za majani ndiyo riziki ya baadhi ya vijana wetu, ambao hulipasha jani moto, wakalirudishia upinde wake kwa nyundo, wakaongeza jani pale mzigo unapozidi. Hapo ningewaasa kidogo. Kuongeza jani ni dawa ya lori la makaa au la mifugo, ilhali gari jepesi likiongezwa jani nyuma huruka kila tuta na kupoteza mshiko, na mwenyewe hudhani ameuziwa gari bovu kumbe ameharibiwa na wema.

Tatizo la kwanza la kweli li ndani ya kasha la spana. Fundi aliyezoea Toyota, ambaye vyombo vyake vyote ni vya milimita, atakapoinamia nati ya nusu inchi ataijaribu spana ya namba 13, nayo itaingia, kwa kuwa nusu inchi ni milimita 12.7, lakini ule mwanya wa sehemu tatu za kumi za milimita, ambao jicho haliuoni, ndio utakaozila pembe za nati siku ile itakapokuwa imeshikwa na kutu, na nati ikishaviringana hapana tena suluhu ila patasi, au moto wa gesi karibu na bomba la petroli, na hilo la pili simwombei mtu. Nati ya inchi tisa kwa kumi na sita ni mtihani mwingine: namba 14 haiingii, namba 15 yacheza. Spana za inchi bado zipo. Wanazo waliokuwa wakitengeneza Land Rover za kale na matrekta ya mashamba ya Bura na Hola, na wengi wao wamezifungia kwenye magunia wakidhani zimepitwa na wakati. Zitoeni.

La pili ni nyaya za plagi. Injini ya silinda nne aliyoizoea kijana huwaka kwa taratibu ya moja, tatu, nne, mbili, naye aijua kwa moyo. Lakini injini ya Ford ya inchi 289 za ujazo, hiyo ya silinda nane, huwaka moja, tano, nne, mbili, sita, tatu, saba, nane, na distributa yake huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Mwenye kuzichomoa nyaya zote kwa mpigo mmoja bila ya kuzitia alama atashinda kutwa nzima akisikia injini ikipiga chafya kupitia kabureta, na majirani wakimpa mashauri. Kipande cha plasta na kalamu vingemwokoa. Nayasema haya kwa sababu aghalabu mafundi wetu huona aibu kuandika, wakidhani mwenye kuandika ndiye asiyejua, hali mafundi wakubwa wa Safari, waliokuwa wakibomoa na kuunda gearboksi kwa muda mfupi usiku chini ya taa ya karabai, walikuwa na karatasi.

Hayo ni ya gari lenyewe. Sasa tuangalie adui zake hapa Madogo, nao ni watatu: vumbi, joto na maji.

Vumbi sina haja ya kuwasimulia watu wa hapa. Nitasema tu kwamba kabureta hunywa hewa nyingi mno kuliko petroli, na kila punje ya mchanga ipitayo kwenye filta iliyotoboka huenda kusaga ringi na kuta za silinda, hata injini iliyojengwa kwenda miaka ishirini ikaanza kutoa moshi wa buluu mwaka wa pili. Filta za zamani za karatasi zaweza kupulizwa kwa hewa ya kompresa, lakini kutoka ndani kwenda nje, wala si kutoka nje kwenda ndani kama nionavyo kila siku. Na kwa kuwa tumetaja vumbi, tuitaje na miiba ya mathenge, mti ule uliotuvamia pande zote za mto, ambao mwiba wake hupita tairi la lori: tairi jembamba la gari la mwaka 1965 halitapona kwa siku moja ukilipitisha kwenye vichochoro vya nyuma ya mji.

Joto lahitaji maneno zaidi. Injini ya silinda nane ya chuma kizito, iliyobuniwa na watu wanaojua theluji, ikisimamishwa adhuhuri kwenye jua la Madogo huwa na mashaka mawili. Shaka la kwanza ni la rejeta. Desturi ya mafundi wengi wa kwetu ni kuitoa thamostati, kile kidude kidogo kinachoyazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, wakiamini kwamba bila kizuizi maji yatapoza zaidi. Na desturi hii imeenea hata mwenye kuipinga huonekana mgeni. Mimi naipinga. Injini isiyofikia moto wake wa sawasawa hulewa petroli, huosha oili kwenye kuta za silinda, na hulika upesi; na kama inachemka, sababu iko pengine: rejeta imeziba kwa chumvi ya maji ya kisima, au feni haivuti, au kile kizingio cha feni kiliondolewa na mtu aliyeona kinamsumbua. Kwa fundi wa kulehemu rejeta kwa risasi kazi hii ni ndogo, maana rejeta za zamani ni za shaba, zafunguka, zapigwa msasa, zafungwa tena, tofauti na hizi za sasa za alumini na plastiki ambazo zikipasuka hutupwa.

Shaka la pili ni la petroli kuchemka ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta. Gari lilikuwa likienda vizuri, dereva akasimama kununua maji, akarudi, likakataa kuwaka. Asiyejua hubadilisha plagi, hubadilisha koili, humaliza betri kwa starta. Ajuaye huweka kitambaa kilicholowa juu ya pampu ya petroli, hunywa chai, kisha huwasha. Baadaye, kwa utaratibu, bomba huhamishwa mbali na ekzosi au hufungwa kwa kitu cha kukinga joto.

Na kwa kuwa tumo katika petroli, liko neno ambalo wengi hawalifahamu. Magari yale yalitengenezwa kwa petroli yenye madini ya risasi, ambayo, pamoja na madhara yake makubwa kwa afya za watoto wetu, ilikuwa ikivilinda viti vya valvu visiliwe. Tangu mwaka 2006 petroli ya namna hiyo haiuzwi tena Kenya, na alhamdulillahi. Kwa hiyo hedi ya zamani ikishushwa kwa sababu yoyote, busara ni kuipeleka kwa mwenye mashine, Nairobi au Mombasa, atie viti vigumu vya chuma. Maana kusaga valvu peke yake, kwa unga na kijiti cha mpira, ni kuahirisha.

Ama maji, hilo ni jeraha bichi. Mnakumbuka Novemba ya mwaka 2023, barabara ilipokatika kati yetu na Garissa, tukawa twavushwa kwa maboti mbele ya macho ya daraja letu. Na mnakumbuka kwamba Aprili na Mei ya mwaka 2024 mto ulirudi tena, na roho za watu zikapotea majini. Mbele ya roho, gari si kitu. Lakini magari mengi yalikufa baada ya maji kuondoka, wala hayakuuawa na maji bali na haraka ya wenyewe, waliokimbilia kuyawasha. Maji hayakubali kubanwa kama hewa. Pistoni ikiyakuta ndani ya silinda, kinachopinda ni mkono wa pistoni. Lililozama litolewe betri kwanza, zichomolewe plagi zote, injini izungushwe kwa mkono mpaka maji yatoke, imwagwe oili ya injini, ya gearboksi na ya difu, hata kama difu yaonekana kavu, kwa maana ina tundu lake la kupumulia na maji hulijua. Ngoma za breki zifunguliwe, kwa kuwa tope la Tana ni laini na likikauka ndani ya ngoma huwa saruji. Beringi za magurudumu zioshwe na kutiwa grisi mpya. Hayo gari la kale huyavumilia. Gari la kompyuta, maji yakishafika chini ya viti, gharama ya nyaya na vifaa vyake mara nyingi hupita thamani yake lenyewe.

Mustang ina mahali pake pa siri pa kuozea, nami napenda fundi apajue kabla hajasifu rangi. Chini ya kioo cha mbele, mahali boneti inapokomea, kuna mfereji wa bati wa kuingizia hewa, uliofunikwa kwa bati lenye matundu membamba. Majani huangukia humo, huoza, hushika maji, na bati hutoboka kwa ndani pasipoonekana, mpaka siku moja ya mvua dereva ahisi maji yakimdondokea miguuni. Chini ya miarobaini, inayopukutika kama inavyopukutika, mfereji huo usipopulizwa kila mara hautamaliza miaka mitatu. Kuutengeneza ni kukata viungo vya kulehemu kwa mamia, kwa sababu hiyo si sehemu iliyofungwa kwa bolti bali ni mbavu ya gari.

Corvette, kinyume chake, haina bati la kuoza, nayo hapa hutupa nafasi ya kucheka kidogo. Mwenye gari hilo, likigongwa, atampelekea mpiga bati, na mpiga bati, akiliangushia nyundo moja tu, atalipasua. Fundi wake halisi yuko Kipini na Lamu, anatengeneza maboti ya faiba: ndiye ajuaye kuchanganya ule utomvu na dawa yake ya kukaushia kwa kipimo, kulaza kitambaa cha kioo tabaka juu ya tabaka, na kupiga msasa mpaka mkono usihisi kiungo. Lakini chini ya faiba hiyo kuna fremu ya chuma ambayo kutu huila kama kawaida, na watu wengi walionunua Corvette kwa sababu haiozi walikuja kugundua kwamba kilichokuwa hakiozi ni koti tu.

Yuko atakayeuliza: mbona wazungumza juu ya gari ambalo hata kuliingiza nchini ni taabu? Asema kweli. Kanuni ya viwango ya Kenya, KS 1515 ya mwaka 2000, yakataza kuingiza gari lililotumika likiwa limezidi miaka minane, na yataka usukani uwe kulia. Na Mustang haikutoka kiwandani na usukani wa kulia mpaka mwaka 2015. Gari la mwaka 1965 laanguka katika mitihani yote miwili, isipokuwa lililokuwako tangu zamani au lililopewa ruhusa maalumu. Spea, kwa upande mwingine, ni rahisi kuliko watu wadhanivyo: huko Marekani karibu kila kipande cha Mustang ya kale hutengenezwa upya, hata bodi zima, hivi kwamba kilicho kigumu ni nauli na ushuru. Tafuta spea ya gari la Kijapani la miaka ya sabini ambalo lilikuwa jingi huku, uone utakavyozunguka Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi mpaka viatu viishe.

Nami nimelileta gari hili mbele yenu kwa sababu ya ile nia niliyoiahidi mwanzoni. Ufundi wa kwetu umelelewa na dharura. Lori lina mbuzi juu, soko la Garissa lafunguliwa alfajiri, fani belti imekatika: fundi hufanya lolote, hufunga kwa waya, hutia bushi iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, na lori hufika. Huo ni ustadi wa hali ya juu, na ndio huohuo uliowafikisha watu mwisho wa Safari. Lakini iko adabu nyingine, ile ionekanayo Nairobi katika mashindano ya uzuri wa magari ya Concours d'Elegance, yanayofanywa na klabu ya wenye Alfa Romeo tangu mwaka 1970, ambamo waamuzi huinama na kutazama chini ya gari kama kadhi atazamavyo hati ya mirathi. Adabu ya huko ni kwamba gari ni amana: kila unalolibadili liwe laweza kurudishwa, na kila unachokitoa kihifadhiwe. Wako wanaocheka mambo hayo, wakiyaona ni ya watu wasiokuwa na kazi. Mimi nayaona ndiyo nusu ya pili ya ufundi ambayo wengi wetu hatukupewa nafasi ya kujifunza, kwa kuwa gari tulilopewa siku zote lilikuwa limechelewa.

Mahali pamoja tu nitaivunja adabu hiyo mchana kweupe, napo ni kwenye breki. Mustang za kabla ya mwaka 1967 zina pampu ya breki ya chumba kimoja: bomba moja likipasuka, gurudumu lolote, mguu wazama mpaka sakafuni na hapana breki hata moja iliyosalia. Kwenye mteremko wa kuingilia darajani, mbele yako punda na mikokoteni ya maji, uasili wa gari hautakufaa kitu. Hapo fundi atie pampu ya vyumba viwili, mabomba mapya ya mbele na ya nyuma, aijaribu kwa mwendo mdogo barabarani pasipo watu. Kisha ile pampu ya zamani aifungie katika kasha, pamoja na nati zake na karatasi ya kueleza ilikuwa imekaa vipi, ndipo ampe mwenyewe ufunguo.